Chungu Kisicho na Thadeus

Walter Onsongo aliacha kazi tatu kwa sababu moja. Aliacha kupokea kahawa kiwandani Birongo kwa kuwa wakulima walileta kahawa hata Jumamosi. Aliacha ukarani wa benki mjini Kisii kwa kuwa benki ilifunguliwa Jumamosi asubuhi. Aliacha ualimu karibu na Sironga alipopewa zamu ya Jumamosi. Majirani walisema hana makalio ya kukalia kiti kimoja.

Mwaka 1972 kampuni ya bima Nairobi ilimwajiri kuendesha kompyuta, kisha ikamfundisha kuiandikia programu. Hii ilimfaa. Programu huandikwa kwa penseli, mezani, Jumatatu hadi Ijumaa. Jua la Ijumaa likizama, Walter alikuwa Msabato huru.

Agosti 1974 alirudi Nyamira kumwoa Esnah, binti wa Bathsheba Nyangate. Mzee wa kanisa, Machogu, alimwalika chai, akamuuliza anafanya kazi gani hasa. Walter alipenda kueleza, akaeleza yote, hata kwamba programu yake ndefu huendeshwa Jumamosi, mashine inapokuwa haina kazi nyingine.

Machogu aliweka kikombe chini.

Jumapili baraza la kanisa liliketi. Harusi ilikuwa imebakiza wiki mbili. Walter akionekana amevunja Sabato, haingefungwa kanisani, na Bathsheba, shemasi na mjumbe wa baraza, hangemwoza binti yake mahali pengine.

"Unaandika Alhamisi," Machogu alisema, "mashine inatenda Sabato. Nani ametenda?"

Bathsheba alijibu kabla ya Walter. Alimwelekea Machogu, kwa kuwa heshima haikumruhusu kumtazama mkwe machoni. "Mzee, Ijumaa napika chinsaga, natia maziwa, nafunika chungu. Sabato nzima mboga inaiva yenyewe humo ndani. Nami nimeketi hapa kanisani nakusikiliza ukihubiri. Nafanya kazi?"

"Kunisikiliza ni kazi," Machogu alisema. Baraza likacheka. "Lakini chungu chako hakilishwi na mtu. Mashine hiyo, Ndugu Walter, inajilisha?"

Hakuna mwingine aliyekuwamo aliyewahi kuiona kompyuta. Neno moja, ndiyo, lingetosha kumwokoa.

"Hapana," Walter alisema. "Inalishwa kadi zilizotobolewa matundu ya programu. Anayeilisha ni Thadeus, Mkatoliki wa Ogembo."

"Anaagizwa na nani?"

"Na mimi. Naacha karatasi ya maagizo juu ya kadi: zikikwama afanye hivi, mashine ikisimama afanye vile."

"Basi unamtuma Sabato."

Walter alifikiri. "Ndiyo. Namtuma."

Bathsheba aliinamisha kichwa. Machogu alikuna kidevu.

"Jumapili mashine inafanya nini?"

"Imezimwa."

"Na wewe?"

"Nafua nguo."

"Kuilisha unajua?"

"Nililisha mwaka mzima kabla ya kuandika."

"Basi nguo zingoje. Ilishe mwenyewe Jumapili, Thadeus usimtume tena. Mwajiri wako akikubali, nitawafungisha ndoa mimi. Akikataa, sitaweza, mwanangu."

Jumatatu Walter alikwenda posta Kisii kupiga simu Nairobi. Alingoja kwenye benchi mpaka laini ilipopatikana mchana. Meneja alimsikiliza, akauliza jambo moja tu: nani atamfungulia mlango.

"Mlinzi."

"Basi sawa. Thadeus amenisumbua tangu Pasaka. Anataka Jumamosi acheze mpira."

Walter alilipia simu, akatoka nje. Kisha akarudi Nyamira kutoa habari.

"Vema," Machogu alisema. "Nilikuwa nimeshaazima viti kwa watu. Ningewarudishiaje?"

Jioni Esnah alileta bakuli la chinsaga na ugali wa wimbi wa moto. Alisimama mlangoni, akijizuia kucheka.

"Mama amesema ule umalize. Amesema hiki chungu hakina Thadeus."

Walter alinawa mikono, akala.