Kwato za Vesta

Farasi wangu Vesta alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu alipoyazunguka mapipa matatu kwa sekunde kumi na sita nukta tisa, katika fainali za jimbo za mbio za mapipa, mjukuu wangu Marit akiwa juu ya tandiko. Nilisimama jukwaani nikavua kofia. Mama yake Vesta alizaliwa zizini mwangu, na nyanya yake kadhalika. Wote watatu walipigwa pajani chapa ambayo marehemu baba aliisajili kabla sijazaliwa. Huku kwetu, magharibi ya Nebraska, mwenye chapa ndiye mwenye neno la mwisho. Mpandaji anaweza kutwaa mataji kumi, lakini farasi jike hapandishwi kwa dume mpaka mwenye chapa atie sahihi.

Kwa hiyo karatasi ya idhini ililetwa kwangu, Jumanne moja ya mwezi Machi, asubuhi, upepo ukiingiza theluji kavu chini ya mlango wa banda.

Daktari Vasek, mama wa makamo anayetutibia mifugo, alikuwa amevaa glovu ya plastiki hadi begani, akimpima Vesta uzazi, macho kwenye kioo cha mashine yake.

"Yai limeiva," alisema. "Kesho jioni linashuka. Mkipiga simu Texas kabla ya saa nne, mbegu ya dume inapanda ndege leo leo."

"Na mfuko wa uzazi?" niliuliza, nikitumaini, nakiri, kusikia jibu baya.

"Msafi kama jiko la mama mkwe. Mzee Haugen, mbona umenuna? Anayezaa ni yeye, si wewe."

Marit alicheka. "Mwache tu, daktari. Babu hata siku ya arusi yake alinuna, picha zipo."

"Viatu vilikuwa vya kuazima," nilisema.

"Miaka hamsini viatu vinakubana tu? Haya, weka sahihi, Babu. Saa tatu na nusu hii."

Niliitandaza karatasi juu ya pipa la shayiri nikaishika kalamu. Kisha nikasema kwamba umri wa farasi umekwenda, na kwamba jike asiyewahi kuzaa anaweza kupasuka mshipa siku ya uchungu.

"Hilo nilikujibu juzi," alisema daktari. "Hatari ipo, ila ndogo."

"Na Krismasi ulisimama mbele ya mchungaji," Marit alidakia, "ukasema damu ya Vesta haitapotea bure. Leo kumetokea nini?"

Hakikutokea kitu siku ile. Kilikuwa kimekwisha kutokea.

Katika ujana wangu, wanunuzi wa farasi walitazama mambo mawili: mapaja mazito na kwato ndogo. Kwato ndogo zilihesabiwa kuwa urembo. Baba alikuwa akisema kwato ya farasi bora yapasa ikae ndani ya kisahani cha chai, nami kwa miaka arobaini nilichagua madume kwa kipimo hicho. Kila kizazi kikawa kizito zaidi juu na chembamba zaidi chini, na watu walikuja kutoka mbali kukisifu. Hakuna aliyeuliza, na mimi wa kwanza, jinsi nusu tani ya mnyama itakavyokata kona kwa kasi juu ya visahani vinne. Mama yake Vesta alianza kuchechemea akiwa na miaka tisa. Nikasema amekanyaga jiwe. Vesta alianza akiwa na kumi.

Vuli ile Marit alikuwa chuoni. Nilimpeleka Vesta ng'ambo ya mpaka wa jimbo, kwa daktari asiyetufahamu, akaikata mishipa ya fahamu nyuma ya miguu yote miwili ya mbele. Ugonjwa ulibaki mfupani. Kilichoondoka ni maumivu. Nilimwambia Marit kwamba lilikuwa jipu la kwato. Walimu walionifunza walimchapa mwongo mbele ya shule nzima, nami sikuwahi kuchapwa. Lakini uwongo ule niliutamka kwa simu huku nikimenya viazi, na ganda halikukatika.

Sasa nilikuwa na njia nyepesi. Ningekataa tu, bila sababu. Chapa ni yangu. Niliiweka kalamu chini.

"Sitii sahihi."

Marit aliikunja karatasi. "Sawa. Chapa yako, neno lako. Basi kama hazai, nitaendelea kumkimbiza. Ana misimu mitatu bado mwilini mwake."

Nikaona kwamba njia nyepesi haikuwapo.

"Hutamkimbiza," nilisema. "Hana hisia kwenye visigino. Nilimkatisha mishipa, miaka mitatu iliyopita."

Daktari Vasek alichukua koleo la kupimia kwato, akauinua mguu wa mbele, akakibana kisigino. Vesta aliendelea kutafuna nyasi. Akabana tena kwa mikono miwili hadi uso ukamwiva. Vesta aliendelea kutafuna. Kisha daktari akapapasa juu ya kwato, mahali ambapo manyoya machache yaliota meupe.

"Hapa," alisema kwa sauti ya chini. "Na hapa. Nami nilimpima uzazi nisimpime miguu."

"Miaka mitatu, Babu," Marit alisema. "Namwinamisha kwenye kona ya pipa la tatu, sikio langu linakaribia mchanga, na yeye hajui kama mguu wake umefika chini?"

"Nilikuwapo kila mara. Sikukosa shindano hata moja."

"Ulikuja kufanya nini? Kuniona nikivunjika shingo?"



Marit alitoa simu mfukoni akapiga Texas. "Msitume," alisema. "Hapana, yai liko sawa. Miguu ndiyo mibovu, na ni ya kurithi. Ndiyo, ya kurithi. Mwambieni na yeyote atakayewauliza." Hakushusha sauti. Maneno hayo hayakuwahi kutamkwa ndani ya banda lile.

Kisha akaniuliza, "Kaka yake Vesta, wa baba mmoja mama mmoja, ulimuuzia nani?"

"Leland Prosser. Anapandwa na binti yake, Janelle."

"Ulimuuza lini? Kabla mama yao hajaanza kuchechemea, au baada?"

"Baada."

"Leland anajua?"

"Hajui."

Alininyooshea simu. Daktari Vasek aliinama akaanza kukunja nyaya za mashine yake, akiupa uso wake kazi nyingine. Nilikuwa na umri wa miaka sabini na nane, mzee wa kanisa, na vidole vyangu vilikosea namba mara mbili.

"Orval!" Leland aliitikia kwa furaha. "Umenipigia kujigamba, eeh? Mtoto wa Vesta amekwisha kutungwa?"

"Leland, binti yako yuko wapi sasa hivi?"

"Janelle? Yuko uwanjani. Namwona dirishani hapa, anamzungusha yule farasi wako kwenye mapipa. Anapaa, bwana!"

"Toka nje," nilisema. "Kamshushe. Kamshushe kwanza, halafu nitakueleza."