Holsta ya Mkono wa Kushoto

Chepkoech hakuwa na mengi. Hakuwa na gari lenye hita nzima, hakuwa na Jumamosi isiyo na zamu mpaka aombe kubadilishana, wala hakuwa na ndugu pale Alexandria, Marekani, aliyeelewa kwa nini muuguzi wa wazee atumie mapumziko yake kupiga shabaha. Na hakuwa na holsta, ile ala ya kiunoni ambamo bastola huchomolewa. Bastola alikuwa nayo, halali kabisa. Jicho alikuwa nalo pia, na alijua kwamba analo.

Klabuni aliwashinda wengi, lakini kwa bastola ya kuokota mezani. Mashindano yenyewe ni kuchomoa kiunoni, na asiye na holsta hukaa kitini akawaandikia wenzake alama. Msimu mzima aliandika, mpaka wakambatiza Malkia wa Meza. Safari hii nafasi moja ya kushindana ilikuwa imebaki. Karani wa klabu, mzee asiyeamini barua pepe, alitaka fomu ije kwa posta ikiwa na sahihi ya msimamizi wa usalama, na mhuri wa posta usipite Ijumaa.

Jumatatu akaenda Temple Hills kwenye duka la Kalamu, Mmarekani mweusi mwenye mvi aliyejifunza Kiswahili darasani na kukitunza kuliko wengi waliozaliwa nacho. Alipenda kuamkiwa shikamoo, naye Chepkoech akamwamkia, akamsimulia habari za klabu na jina walilombandika. Mzee akamwambia aachane na holsta za kitambaa: ni rahisi, lakini bastola ikitoka, mdomo wa ala hujikunja, na kuirudisha inakubidi uufungue kwa vidole huku mtutu unavitazama. Zile za mabingwa, zenye skrubu kila upande, zingemlia nusu ya kodi ya nyumba. Akamtolea ya plastiki ngumu, ya bei ya kati: mdomo wazi, triga imefunikwa yote, ukiitikisa bastola haianguki. Akampa bastola ya mpira aijaribu.

Chepkoech akaipokea kwa mkono wa kulia. Akaichomoa kwa mkono wa kulia, akairudisha kwa huohuo, akashukuru, akalipa.

Jumatano Ryan, msimamizi wa usalama, akamwambia aichomoe bastola tupu. Chepkoech akaivaa holsta kushoto, upande anaopigia, na mpini ukaangalia mbele. Ili kuufikia ilimbidi aupinde mkono, na mtutu ukapita tumboni mwake. Ryan akamsimamisha. Hiyo ni ya mtu wa kulia, alisema, na fomu hataitia sahihi. Akauliza aliijaribuje dukani.

Chepkoech hakubishana, maana kosa alishaliona. Kwao Bomet, mkono wa kushoto ulichapwa mpaka ukajifunza kukaa nyuma. Alikula, aliandika na kusalimu kwa kulia. Bastola alikuja kuishika Marekani, ambako hakuna aliyeugombeza mkono wa kushoto, nao ukaichukua kazi hiyo na kuiweza. Lakini mbele ya mzee ulikuwa umerudi mafichoni wenyewe.

Alhamisi alikuwa tena dukani.

“Mzee, uniwie radhi. Mimi napiga kwa kushoto.”

“Na Jumatatu ulikuwa unapiga kwa nini?”

“Kwa adabu.”

Kalamu alicheka hadi akavua miwani. “Binti yangu, mwalimu wangu alinifundisha nisimpe mtu kitu kwa kushoto. Hakuniambia kwamba na bastola imo.”

Akaingia stoo, akatoka na holsta ileile, ya kushoto, imejaa vumbi. Ilikuwa imeshushwa bei mara mbili na hakuna aliyeitaka, hivyo akambadilishia na kumrudishia chenji. Kisha akamwekea tena bastola ya mpira, akakunja mikono.

“Haya, Malkia. Nikosee adabu.”

Chepkoech akaichomoa kwa kushoto mbele ya mvi zake, mara moja, safi, mtutu mbele, akairudisha bila kuangalia chini. Mzee akaacha kucheka. Akasema wanaume wa klabu hiyo watafute mtu mwingine wa kuwaandikia alama.

Ijumaa, kabla ya zamu ya mchana, Ryan alitazama mara tatu, akatia sahihi. Palipoulizwa mkono, Chepkoech akaandika: kushoto. Akaikunja fomu, akalamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika, na kuitumbukiza kwenye sanduku la posta mwenye gari la barua akiwa anaegesha.