Mama Mwishoni mwa Barabara

Usiku wa kuamkia jana Tusajigwe aliota amekaa kwenye kigoda chake kando ya barabara ya Mwanjelwa, Mbeya, akichora watu wa mtaani kama afanyavyo kila siku ya soko.

Anachora fundi viatu. Kuchora vidole kunamsumbua, basi anaviacha kwanza. Fundi anaitazama mikono yake, kisha anamtazama yeye.

"Dada, sasa sindano nitaishikaje?"

"Samahani, fundi. Vidole vinakuja."

"Sina haraka," anasema fundi, na kuushika uzi kwa meno.

Mwavuli wa muuza ndizi nao unalalamika: haukuchorewa kivuli, na mwenye ndizi anaungua na jua. Tusajigwe anauomba radhi mwavuli, akishangaa kwa nini hashangai.

Akachora kingo mbili za barabara. "Kilicho mbali kiwe kidogo," penseli ikamkumbusha kwa sauti ya kiualimu. Kingo zikasogeleana hadi zikakutana kule mwisho, na pale zilipokutana palikuwa na kitu kama punje ya njegere, kimevaa kitenge.

Alikuwa mama yake.

"Mama! Si uko Tukuyu?"

"Niko Tukuyu," mama akajibu kwa sauti nyembamba kama ya mbu. "Ndiyo maana niko hivi."

Tusajigwe akatazama chini. Lami imekuwa sakafu ya sebule ya mama, na magari yote yamefunikwa vitambaa vya kufuma.

"Lakini mama, hiyo ni kanuni ya kuchora tu."

"Nimekulaumu? Tangu tuvune viazi hujaja, nami nikawa napungua."

Kabla hajajibu ukatokea ufutio, mkubwa kama kabati, ukijikokota katikati ya barabara.

"Nafuta madoa," ukasema. "Pale mbele pana doa."

"Si doa, ni mama yangu!"

"Ana macho?"

Tusajigwe akakodoa. Kwa umbali ule macho hayaonekani. Akajaribu kuyakumbuka, na hapo aibu ikamshika: hakuwa na hakika ni jicho lipi mama hufumba akicheka.

"Doa," ukasema ufutio, ukaendelea na safari.

Akaanza kumchora mama upya, mkubwa, harakaharaka. Kila mstari aliouongeza uliirefusha barabara. Akachanganyikiwa, akamgeukia fundi.

"Nifanyeje?"

"Mimi sina vidole," fundi akasema. "Lakini wewe miguu unayo."

Akaitupa penseli, akatimua mbio, akaupita ufutio. Mama akawa kama kifaranga, akawa kama kuku, akawa mtu. Macho yakatokea. Jicho analofumba ni la kushoto. Wakakumbatiana wakicheka, lakini mama hakuacha kukua. Kichwa chake kikagonga dari.

"Inatosha, mwanangu," akasema kutoka juu. "Umenisogelea mno."

Tusajigwe akaamka. Kulikuwa kumekucha. Akampigia mama simu hata kabla ya kunawa uso.

"Shikamoo, mama. Umeamkaje?"

"Marahaba. Nimeamka salama, ila sielewi. Viatu vyote vimenibana, na gauni langu la kanisani limeishia magotini."

Tusajigwe akaanza kutafuta viatu vyake, simu sikioni.

"Usivivae, mama. Nakuja leo."

"Uje," mama akasema. "Ila safari hii usikimbie."