Harufu ya Nanasi

Mwaka ule wa mafua makubwa, 1957, nyumba yetu ya Pujini ilikohoa yote, kisha tukainuka mmoja mmoja. Mama hakuinuka. Alikuwa na kisukari, na daktari wa hospitali ya Chake Chake alishatuonya: homa ikimpata sukari itapanda, aletwe upesi.

Mama alimaliza maji ya mtungi akataka mengine. Chumbani kukawa kunanukia nanasi lililoiva mno, na nanasi hatukuwa nalo.

"Pepo huyo," alisema khaloo Mwanamize, dada yake mama. "Kaja na harufu yake. Anataka sinia."

"Anataka hospitali!" nilifoka.

"Nyamaza, Mwanakhamis. Pepo hapelekwi hospitali."

Akaandaa sinia la halua, miwa na asali, akalitua chini ya kitanda. Mama akanyweshwa bakuli zima la maji ya asali, ati kinywaji cha mgeni wake. Akatulia. Khaloo akashukuru kwamba pepo karidhika.

Asubuhi harufu ilikuwa imejaa hadi ukumbini. Niliinama kumwamsha mama. Ilikuwa inatoka kwenye pumzi yake. Nikamwita, nikamtikisa, hakuamka.

Sisimizi walikuwa wameipita halua bila kuigusa, wanapanda kitandani.