Embe la Tanvi, Korosho ya Benedikta

Miaka ile ya ruksa, bidhaa za kila aina zilipofurika Kariakoo, kompyuta nazo hazikubaki nyuma. Mwalimu Benedikta, mtu wa Masasi aliyefundisha kuchora pale Ilala tangu ujana wake, alipelekwa kwenye mafunzo ya kuchora kwa kompyuta, ghorofani Mtaa wa Mkunguni. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka. Watoto waliicheka mistari yake ubaoni, na Mwalimu Mkuu Pantaleo alishamwambia wazi: akirudi bila picha ya kueleweka, somo atapewa mwingine, yeye akatunze stoo. Stoo! Bora wangemzika kabisa.

Mkufunzi alikuwa Tanvi, binti wa mwenye duka la chini, mwepesi wa kucheka.

"Shikamooni walimu. Leo kila mtu achore embe moja, tutengeneze pindo la kanga."

Walimu wakachora maembe: hili dodo, lile sindano, jingine na kikonyo chake. Tanvi akashika kiuno.

"Jamani, nani anavaa matunda? Embe ni hili!" Akanyanyua pindo la sari yake, akaonyesha umbo nene chini, juu lina ncha iliyopinda.

"Mwanangu," Benedikta akasema, "hiyo kwetu ni korosho."

"Kwetu ni embe, Mwalimu. Bibi yangu angekusikia angenuna."

Wote wakaangua kicheko, na woga ukampungua Benedikta. Akashika kipanya. Mkono ukamsaliti palepale; korosho ikatoka kingo zimejaa mawimbi. Akataka kuifuta.

"Usifute," Tanvi akamwambia. "Inakili kwanza, uzipange mstari mzima."

Akanakili, akanakili tena, mpaka pindo likajaa. Mtetemo ule, uliporudiwa vilevile kila mahali, ukageuka pambo. Ungedhani mtu amekaa akaupanga. Benedikta alifurahi waziwazi, bila aibu.

"Ng'ombe hazeeki maini!" akapiga kelele Shukuru, mwalimu aliyekaa jirani naye.

"Nikulainishie kingo?" Tanvi akauliza.

"Thubutu! Ziache hivyohivyo."

Kesho yake Mwalimu Mkuu aliishika karatasi iliyochapwa, akaigeuzageuza, akaisogeza dirishani.

"Haya mawimbi umeyafanyaje, Mwalimu?"

"Nimetetemeka, Mkuu."

Pantaleo akautazama mkono wa Benedikta, akaitazama tena karatasi.

"Basi ingia darasani," akasema, "ukawafundishe watoto kutetemeka."