Sinia la Seremala

Seremala alikuwa na mikono iliyojua mambo mengi isipokuwa kupika. Aliweza kutengeneza mlango ukafunga bila kulia, na kiti cha mtoto kisichoyumba hata akikipanda na viatu. Lakini jikoni aliingia kuchukua maji ya kunywa tu, akatoka.

Tangu mkewe afariki, jiko lilikuwa la binti yake. Binti huyo alishonea watu nguo mchana kutwa. Jioni aliinjika sufuria, akapakua chakula cha bibi yake, akakifunika, kisha akakimbilia masomo ya jioni huku vidole vyake bado vinanuka kitunguu. Wenzake aliolingana nao umri walikuwa wamemaliza shule zamani. Yeye alisoma hivyo hivyo, kwa kuomba na kwa kusinzia, mpaka Mungu akamjalia akafaulu. Sasa chuo cha uuguzi cha mji wa mbali kilikuwa kimempa nafasi, na kilimtaka ajibu kabla ya wiki kwisha.

Hakujibu.

"Unangoja nini, mama?" baba yake alimwuliza. Alimwita mama tangu alipozaliwa, kwa kuwa alifanana sana na bibi yake.

"Nani atampikia bibi?"

"Mimi."

Bibi alikuwa amekaa karibu na dirisha akichambua maharage. Alicheka mpaka ungo ukatetemeka magotini.

"Wewe mwanangu? Wewe hata maji ukiyachemsha yanaungua."

"Mama, usinivunje nguvu."

"Sikuvunji. Nasema niliyoyaona."

Binti hakucheka. "Baba, bibi meno yake yamebaki machache. Ukimlisha mkate na chai kila siku, atakonda. Nitakaaje darasani nijifunze kuwahudumia wagonjwa wa watu, huku bibi yangu analala na njaa?"

Swali lilikuwa la haki, na seremala alilijua hilo. Aliitoa penseli sikioni, akaigeuzageuza, akairudisha.

"Basi nipime," akasema. "Nitapika chakula cha jioni peke yangu, bila mtu kunishika mkono. Bibi yako akila akashiba, unaenda chuo."

"Na asiposhiba?"

"Unakaa, na mimi nanyamaza."

Binti akamtazama bibi yake, maana alimjua. "Bibi, usije ukajilazimisha kumeza kwa ajili yangu."

"Mke mwenzangu," bibi alisema, kwani ndivyo walivyotaniana siku zote, "nataka uende kuliko unavyotaka wewe. Lakini mdomo huu ndio ninaotumia kusali. Siwezi kuusemesha uongo jioni, kisha asubuhi niupeleke huo huo mbele za Mungu. Chakula kikiwa kibaya nitasema kibaya."

Hapo ikawa wamekubaliana.

Kesho yake kwenye karakana, seremala alimweleza habari hiyo fundi rangi aliyefanya naye kazi. Fundi rangi alikuwa kapera, na alikuwa na dawa tayari.

"Pika soseji na mboga kwenye oveni, mzee. Sinia moja tu. Unakata, unamwagia mafuta, unatia chumvi, unafunga mlango. Oveni ndiyo inayopika. Wewe unakaa kama mgeni."

"Basi?"

"Basi. Mimi hicho ndicho ninachokula kila siku, na unaniona nilivyo."

Seremala alimwangalia. Fundi rangi alikuwa amenenepa vizuri. Ushahidi ulitosha.

Jioni hiyo alirudi nyumbani na soseji, viazi, karoti, vitunguu, pilipili hoho na nyanya. Kazi ya kwanza ilikuwa kuipata oveni yenyewe, maana tangu jiko lile liingie mle ndani, oveni ilikuwa kabati. Alitoa masufuria, mifuniko isiyokuwa na wenyewe, kikaango kilichopoteza mpini, na chini kabisa sinia la oveni, bati jeusi, pana, ambalo halikuwahi kuona moto. Aliliona kubwa mno, akaliegemeza ukutani. Badala yake alichukua chombo cha bati chenye kina kirefu.

Kisha akaketi kukata. Watu wengine hukata kwa macho. Yeye alikata kwa rula. Katika karakana yake, vipande visivyolingana vilikuwa aibu, basi kila kipande cha karoti kililingana na kila kipande cha nyanya, na kila kipande cha kiazi kililingana na karoti. Vilikuwa vipande vinene, vyenye pembe nne, vizuri kutazama. Akavijaza vyote ndani ya kile chombo, soseji akazifukia katikati, akamwaga mafuta, akafunga mlango wa oveni, akakaa kama mgeni.

Alipokileta chakula mezani, bibi alikisifu kabla hajakila. "Umekata vizuri, baba. Kama vigae."

Sifa ziliishia hapo. Nyanya zilikuwa zimegeuka uji. Hoho zilikuwa zimelegea kama kitambaa kilicholowa. Soseji zilikuwa zimechemka katika maji ya mboga, zikatoka nyeupe na zenye huzuni. Bibi alijaribu kiazi. Kitu kiligonga. Akajaribu karoti, akaitoa mdomoni taratibu, akaiweka ukingoni mwa sahani.

"Mwanangu," akasema kwa upole, "hii si ya meno. Hii ni ya nyundo."

Hakuna aliyecheka. Binti aliinuka, akapasha moto maharage ya mchana, akampakulia bibi yake. Alipoketi tena, alisema huku akiitazama meza, "Kesho nitawaandikia kwamba siendi."

"Wiki haijaisha," baba yake akasema.

"Baba."

"Walikupa mpaka mwisho wa wiki. Nami nipe mpaka Ijumaa."

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," bibi alisema, akiyala maharage yake.

"Mimi seremala, mama, si mhunzi."

"Jana usiku ungekuwa mhunzi ningekuelewa zaidi. Chakula chako kilitaka nyundo."

"Ni leo hii, mama, si jana."

"Nimeona kama mwaka."

Binti alishindwa kujizuia, akatabasamu. Lakini tabasamu halikufika mbali. "Mara moja tu, baba," akasema. "Ijumaa, halafu yaishe."

Asubuhi seremala alifika karakana mapema. Kabla ya kushika chombo chochote alisimama katikati ya vumbi la mbao, akainamisha kichwa. Hakuwa mtu wa maneno mengi mbele za Mungu. "Ee Mungu," alisema, "sikuombi unipikie. Nakuomba unionyeshe nilipokosea. Nikishaona, kazi nitaifanya mwenyewe." Akasema amina, akafungua madirisha.

Siku hiyo walikuwa wamepokea mbao mbichi za kukausha chini ya paa la nyuma. Fundi rangi, aliyekuwa akimsaidia kuzipanga, alitaka kumaliza haraka. Akaanza kuzilundika pamoja, mbao nene za mti mgumu na vipande vyembamba vya msonobari, zimebanana kama watu wanaosikia baridi.

"Unafanya nini?" seremala akamfokea. "Hizo nyembamba zitakauka mpaka zipinde, wakati hizi nene bado zinatoa maji. Haziwezi kukaa pamoja. Tena weka vijiti katikati upepo upite. Mbao zisipopumua zinaota ukungu. Nimekufundisha mara ngapi?"

Maneno yake mwenyewe yakamrudia. Mkono wake ulibaki juu ya ubao. Halafu akaanza kucheka, kwanza kidogo, kisha mpaka akalazimika kuketi juu ya lile rundo.

"Unacheka nini, mzee?"

"Karoti."

"Karoti gani?"

"Nilizilundika na nyanya. Unene mmoja, muda mmoja, bila nafasi ya kupumua. Mwanafunzi wangu angenifanyia hivyo kwa mbao, ningemrudisha kwao."

Fundi rangi alimtazama kwa wasiwasi. "Mzee, umekunywa chai leo?"

"Wewe karoti zako unazikataje?"

"Nyembamba, bila shaka. Na natangulia kuziweka."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani kila mtu anajua."

Seremala hakukasirika. Aliinua macho kwenye paa, akasema asante, kisha wakazipanga mbao upya, ngumu upande wake na laini upande wake.

Ijumaa aliingia jikoni kama mtu anayeingia kazini. Alilitoa lile bati jeusi, pana, alilokuwa ameliogopa, akalisugua mpaka likang'aa, akalitia katika oveni lipate moto. Viazi akavikata vidogo. Karoti akazikata nyembamba kwa mshazari. Vitunguu na hoho, ambavyo ni laini, akavikata vipande vikubwa. Nyanya akazipasua mara moja tu, nusu kwa nusu. Rula ilibaki mfukoni.

Akavichanganya viazi na karoti na mafuta, chumvi, pilipili manga na vitunguu saumu alivyoviponda. Alipovimwaga juu ya bati lenye moto, vilipiga kelele. Akavitandaza kimoja kimoja, kila kipande na nafasi yake, akafunga mlango. Vilipoanza kupata rangi, akazitoboa soseji kwa uma zisipasuke, akazipanga juu pamoja na vitunguu na hoho. Nyanya akaziweka kando zingojee zamu yao.

Binti alikuwa sebuleni, ameikalia mikono yake. Harufu ilipomfikia, aliinuka, akaja mpaka mlangoni.

"Baba, naona kama inaungua."

"Haiungui. Inapata rangi."

"Nigeuze kidogo tu?"

"Rudi kitini, mama."

Akarudi. Bibi ndiye aliyekuja badala yake, na fimbo yake, akamkuta mwanawe amepiga magoti mbele ya kioo cha oveni.

"Unaiombea au unaichungulia?"

"Vyote viwili."

"Basi endelea," bibi akasema, akaenda kukaa mezani.

Seremala alizigeuza soseji, akaweka nyanya, akangoja tena. Alipoona ngozi za nyanya zimejikunja na kingo za viazi zimekuwa za kahawia, akatoa lile sinia zima, akaliweka katikati ya meza juu ya ubao. Bado lilikuwa linachemka pembeni. Akakamulia ndimu juu. Akaifuta mikono kwenye suruali, akaketi.

Bibi aliomba baraka za chakula. Alimshukuru Mungu kwa mvua, kwa jirani aliyepona, kwa marehemu mumewe, kwa mguu wake unaouma na kwa ule usiouma.

"Mama, chakula kinapoa," seremala alinong'ona.

"Na umsamehe mwanangu haraka zake. Amina."

Alianza na karoti, kama hakimu anayeanza na shahidi mgumu. Akaitafuna kwa upande wenye meno. Akaimeza. Akachukua kiazi, kikasikika kikivunjika juu na kulainika ndani. Halafu akakata soseji, akala na kipande cha kitunguu kilichoungua kidogo pembeni kikawa kitamu. Akamaliza. Alisogeza sahani mbele.

Seremala akampakulia tena.

"Bibi, sema basi," binti akasema.

"Hakimu hahukumu na kitu mdomoni."

Akala mpaka sahani ya pili ikaisha. Kisha akachukua kijiko, akakwangua pembe ya sinia mahali nyanya zilipogandia, akakilamba kijiko, akakiweka chini.

"Nimeshiba," akasema. "Na nimeshiba kwa raha, si kwa huruma. Mungu ni shahidi wangu."

Binti naye alikuwa amekula, lakini kwa kutafuta kosa. Alikuwa amegeuza kila kipande kama anayekagua mshono. Hakuliona kosa, na hapo ndipo macho yake yalipoanza kujaa maji.

"Leo sawa," akasema. "Kesho je? Utampa soseji kila siku?"

"Kesho kuku na boga. Keshokutwa samaki na viazi. Sinia ni hilo hilo. Kilicho kigumu nitakikata chembamba na kitatangulia. Kilicho laini kitafuata. Mama, hii ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Sikujua tu kwamba inalika."

Binti akajifuta vidole, akachukua simu. Aliandika polepole, akafuta, akaandika tena, kisha akawasomea: "Nimeipokea nafasi. Nitafika siku mliyonipangia."

"Ongeza asante," baba yake akasema.

Akaongeza. Akautuma ujumbe.

Bibi akapiga kigelegele ambacho hakuna aliyejua kwamba bado anacho kifuani. Kikatoka dirishani, kikavuka uani, na dirisha la jirani likafunguliwa.

"Jamani, huko kuna harusi?" jirani akauliza. Alikuwa mwanamke mwenye duka la vitambaa, na hakuna habari iliyompita.

"Kubwa kuliko harusi," bibi akamjibu. "Mjukuu wangu anakwenda chuo. Na mwanangu amepika."

Jirani akatoa kichwa nje zaidi.

"Mwana yupi?"

"Nina wangapi?"

"Seremala?"

"Huyo huyo."

"Hiyo ya chuo naiamini," jirani akasema. "Hii nyingine nakuja kuiona."

Seremala akainuka. Akachagua soseji iliyobaki, ile yenye rangi nzuri zaidi, akaizungushia viazi na karoti kwenye sahani safi. Halafu akaenda kumngojea mlangoni, sahani mkononi, kifua mbele.