Rangi ya Dokta Dastan

Mzee Ildefons wa Muleba, mwalimu mkuu mstaafu, alikuwa na sharti moja kwa atakayemuoa binti yake Renatha: awe amesoma, na kisomo chake kionekane. Renatha naye alikuwa na lake, ila hakuna aliyemuuliza. Alitaka mume anayesikia akiambiwa.

Jumamosi moja mchumba wake, Dokta Dastan, daktari wa kemia, akashuka kutoka Bukoba na makopo mawili ya rangi aliyoitengeneza mwenyewe maabara. Angepaka mlango wa mbele mzee akishuhudia, ili washenga wakija kesho yake waukute unang'aa. Renatha alifurahi kwelikweli. Alimpenda Dastan, na mlango ule ulikuwa umebambuka tangu masika.

Dastan akamimina kopo dogo ndani ya kubwa, akakoroga, akachovya brashi. Hapo ndipo mzee alipouliza, "Hii ni rangi gani, mwanangu?"

Nshomile, msomi wa Kihaya apendaye kuonyesha kisomo, ukimuuliza swali umefungua bomba. Brashi ikabaki ndani ya kopo.

"Ina ketoesta, baba. Fikiria molekuli yenye kaboni iliyobanwa kati ya vikundi viwili vya kaboni na oksijeni. Hidrojeni za hapo katikati zinang'oka kirahisi, nasi tunapachika tunachotaka. Kuna dawa za presha zinaanzia humo. Kuna rangi za manjano. Na humu, ketoesta inashikana na hadina, ile dawa ya kugandisha niliyomimina, rangi inakuwa ngumu bila kuchomwa."

"Inachukua muda gani?" Renatha akauliza.

"Haraka mno. Ndio uzuri wake."

"Basi paka."

"Subiri, hatujafika kwenye vioo. Ukitaka kupaka kioo tabaka la titani..."

Mzee Ildefons hakuwa mtu wa kugeuzwa mwanafunzi nyumbani kwake. Akaingilia na kemia aliyoifundisha ujanani, akasahihisha matamshi ya daktari. Daktari akamsahihisha msahihishaji. Wakaingia kwenye Kiingereza, wakapotelea humo, wakarudi na mabishano mapya.

"Dastan, kopo linapata moto."

"Ni kawaida, mpenzi."

"Taata, rangi inaganda."

"Watu wanazungumza, Renatha!"

Hatimaye Dastan akaushika mpini wa brashi kwa madaha. Kopo zima likanyanyuka nao.

Renatha alingoja aone haya, au walau acheke. Dastan akaliinua kopo juu, uso umemchanua. "Mnaona? Imeshika! Si nilisema?"

Mzee akapiga makofi. "Huyu ni wetu! Renatha, lete kahawa ya kutafuna, aipokee mkononi mwako, mkwe aondoke akiwa wa nyumbani."

Jikoni mama yake, Consolata, alikuwa anamenya ndizi. "Mlango umepakwa?"

"Umeelezwa, Maawe."

Consolata hakucheka. "Mimi baba yako alinieleza faida za bati mwaka mzima, mvua ikininyeshea kitandani. Nikadhani atachoka."

Renatha akachukua kikapu kidogo cha kahawa, akasimama nacho mlangoni. Moyo ulimuuma, maana alimpenda yule mtu. Nje walikuwa wamefika kwenye vioo.

Akarudi, akaketi karibu na mama yake, akamwekea kahawa kiganjani. Wakatafuna mpaka kikapu kikabaki kitupu.

"Na washenga kesho?" mama akauliza.

"Waje tu, Maawe. Kesho nitaeleza mimi."